Namna ya kuacha kula mtaji wa duka lako

Nauza sukari, unga, mchele na mafuta ya kula kwa jumla, Tandika, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni wenye maduka madogo wa Buza, Yombo, Mtoni na Mbagala, pamoja na mama lishe na vijana wa chipsi. Ukikaa upande wangu wa kaunta unamwona mtu anavyoshuka. Alikuwa anabeba mifuko mitano ya sukari, ikawa mitatu, ikawa mmoja, mwisho anaomba apimiwe kilo kumi. Ukimuuliza atasema biashara ngumu, maduka yamekuwa mengi mtaani, watu hawana hela. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, lakini, wateja wake ni walewale, na mtaji umetoka kwenye droo kwa mkono wake mwenyewe, kidogo kidogo.

Tabia ya kwanza ya kuacha ni hiyo: kuchukua hela ya mauzo bila kuandika. Naanza na hiyo kwa sababu nyingine zote ninazoziona zimezaliwa humo.

Chukua kalamu tupige hesabu ya mfuko mmoja wa sukari. Bei hizi ni za mfano, wewe weka zako. Mfuko wa kilo 50 umenunua shilingi 140,000, bajaji hadi dukani 2,000. Ukiuza kilo 3,000, mfuko mzima unaleta 150,000. Unaona faida ya 8,000. Bado. Ukipima nusu na robo kutwa nzima, mizani ikizidi kidogo kila mara, mfuko ukiisha utakuta kilo moja haipo: toa 3,000. Vya kufungia, toa 1,000. Imebaki 4,000. Hiyo ndiyo faida ya mfuko mzima, na hapo hujagusa kodi ya fremu, umeme wa luku, wala mshahara wa kijana anayekusaidia.

Sasa saa saba mchana mtoto anakuja: "Mama, hela ya mboga." Unampa 5,000. Haikuumi, kwa sababu droo ina 90,000. Lakini ndani ya hiyo 90,000 hela yako wewe ni ndogo mno, iliyobaki ni sukari ya kesho. Umekula faida ya mfuko mzima na 1,000 ya mtaji juu yake. Jioni kuna nauli, kesho mchango wa harusi, keshokutwa kijumbe anapita kukusanya hela ya mchezo wa upatu. Vyote ni mahitaji ya kweli, hakuna anasa hapo, na ndiyo maana mtu mwangalifu kabisa anamaliza mtaji bila kujiona.

Fanya hivi. Kwa mwezi mmoja, andika kila unachochukua. Usijibane, usibadili chochote, andika tu: hela ya mboga, soda uliyofungua, kilo ya unga iliyokwenda nyumbani. Vitu vya rafuni viandike kwa bei uliyonunulia. Mwisho wa mwezi linganisha jumla hiyo na faida. Ukikuta faida ni 200,000 na umechukua 320,000, basi duka bado halina uwezo wa kulisha nyumba nzima, na jambo hilo lizungumzwe nyumbani usiku huohuo. Hapa nasisitiza. Nimeona maduka yakifungwa kwa sababu baba anaona droo imejaa, na mama peke yake ndiye anayejua deni la muuzaji wa jumla ni kiasi gani. Au mama anaomba ada ya shule na baba anaona aibu kusema hela iliyopo ni ya watu.

Ukishajua kiasi, jilipe posho kila Jumamosi. Tuseme 40,000. Mboga, nauli, mchezo, mchango, vyote vinatoka humo. Ikiisha Jumatano, nyumba inakula kilichopo hadi Jumamosi. Wiki za kwanza zitauma. Kama wiki mbili mfululizo haitoshi kabisa, kaa chini upange upya kwa kuangalia faida, lakini usipandishe kiasi ukiwa umesimama mbele ya droo.

Ndugu je? Shangazi akija kuchukua kilo mbili za unga huwezi kumfukuza, wala sikushauri umfukuze. Mwambie kwa heshima, "Shangazi, chukua, hii ni zawadi yangu kwako," kisha uiandike kwenye posho yako. Wewe ndiye uliyetoa, duka halikutoa. Ukifanya hivyo kwa mwezi, utajua mwenyewe unaweza kumsaidia nani na kwa kiasi gani.

Simu nayo ni droo, tena mbaya zaidi kwa sababu haionekani ikipungua. Usipokelee malipo ya wateja kwenye laini unayonunulia vocha na kuwatumia ndugu hela kijijini. Omba lipa namba ya biashara, ya mtandao wowote, uibandike kaunta. Ya lipa namba ihesabiwe pamoja na ya droo kila jioni, na usihamishie chochote kwenye laini yako isipokuwa posho.

Daftari lisiwe gumu. Kaunta buku moja inatosha: tarehe, mauzo, manunuzi, matumizi ya duka, nilichochukua mimi, waliokopa, waliolipa. Andika kila siku kabla ya kufunga mlango, maana ukisema utaandika asubuhi hutaandika. Na mara moja kwa mwezi hesabu mali. Yote iliyopo rafuni, kwa bei ya kununulia. Ongeza hela taslimu na ya simu, ongeza madeni ambayo kwa kweli yatalipwa, kisha toa unachodaiwa na watu wa jumla. Kinachobaki ndicho mtaji wako wa leo. Kiweke pembeni ya cha mwezi uliopita. Duka linaweza kuwa limejaa hadi juu na mtaji umepungua, kwa sababu nusu ya kilichojaa ni mali ya mtu mwingine.

Piga picha kurasa hizo kwa simu umtumie ndugu unayemwamini. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, na Mchikichini pale Karume Januari 2022, mali ndiyo ilisemwa sana. Lakini daftari linaloungua linaondoka pia na madeni yote ambayo ungeweza kudai.

Daftari linapunguza hata kodi. Katika viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza Julai 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 6 ni 60,000. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kukadiriwa uliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya eneo lako vya mwaka huu, na uende na daftari mkononi.

Tabia ya pili ni kukopesha bila kikomo. Kukopa harusi, kulipa matanga; wote tunaijua, na bado tunatoa. Kibao cha "leo taslimu, kesho mkopo" hakimzuii jirani ambaye mtoto wake analia njaa, na sidhani duka la uswahilini linaweza kuishi bila kukopesha kabisa. Kinachosaidia ni kiwango. Amua jumla ya madeni yote ya mtaani, kwa mfano isizidi faida yako ya mwezi mmoja. Ikifika hapo, hakuna mkopo mpya hadi mtu alipe, hata awe mjumbe wa nyumba kumi. Kila mmoja awe na ukurasa wake, na akikopa aone unavyoandika, akubali kiasi kwa mdomo wake. Kudai nako kuna wakati: mwajiriwa umdai akishapokea mshahara, mtu wa bodaboda umdai jioni.

Wewe nawe unakopa, kwa mali kauli, yaani unachukua mzigo leo na kulipa ukishauza. Kijana mmoja wa chipsi alikuja kwangu kuchukua ndoo ya mafuta kabla hajalipa ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile hela ya ndoo iliyopita iko wapi?"

"Mama, nimelipia chumba. Mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni."

Hakuiba, wala si mlevi. Aliuza mafuta ya watu, hela ikakaa mfukoni pamoja na yake, na shida ya kwanza iliyotokea ikaichukua. Nilimwambia awe anatenga hela ya ndoo kila jioni kwenye bahasha yenye jina langu, sehemu kwa sehemu, hadi itimie. Mtu wa mali kauli anayelipa siku aliyosema hupewa zaidi Ramadhani, mahitaji yanapopanda na kila mtu anataka sukari na tambi. Anayezungusha maneno hupewa anacholipia, basi.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, naiona ikimaliza hasa wanawake. Tuseme umechukua 300,000 na unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Umerudisha 390,000. Rudi kwenye sukari yetu ya faida ya 4,000 kwa mfuko: utauza zaidi ya mifuko 22 kwa ajili ya riba tu. Na rejesho linaanza kesho, mzigo ukiwa bado haujauzwa, kwa hiyo siku za kwanza unawalipa kwa hela yao wenyewe. Wengine huchukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na kutoka hapo sijui wengi waliorudi dukani. Kabla hujasaini chochote, uliza leseni ya Benki Kuu, inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Omba jumla ya marejesho iandikwe kwenye karatasi, ukapige hesabu nyumbani. Nenda pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ukaulize mikopo ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na msingi wake ni vikundi. Inachelewa na ina karatasi nyingi. Anza kuifuatilia ukiwa bado huna shida.

Tabia ya kuiga nayo niitaje tu. Jirani akileta friji ya juisi, unaleta friji. Wateja kumi wa juisi mnagawana, luku kila mtu ananunua yake. Leta kile ambacho wateja wako wamekuulizia mara nyingi ukakosa kuwapa. Kiandike nyuma ya daftari kila wanapouliza.

Kufungua duka saa tatu pia kunakupotezea. Uswahilini sukari, majani ya chai na sabuni vinauzwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na mteja akikukosa mara mbili anahamia kwingine. Kama huwezi kuamka kila siku, ajiri kijana, mhesabu pamoja hela ya droo mnapokabidhiana asubuhi na jioni, kila mmoja aweke saini, na mshahara wake umpe tarehe ileile kila mwezi.