Dart ya 1970 ya kwendea kazini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kabureta. Nilinunua Dodge Dart Swinger ya mwaka 1970, injini ya V8 ya inchi za ujazo 318, na kabla sijalala uvunguni kukagua breki nikawa nimeshaagiza kabureta ya midomo minne na manifoldi ya alumini. Gari likapata sauti. Jioni moja ya mvua natoka kazini hapa Columbus, Ohio, nikapita kwenye dimbwi, mbele taa ikageuka nyekundu, nikakanyaga breki. Pedeli ngumu kama jiwe, gari linakwenda tu. Dramu zote nne za breki zilikuwa zimelowa. Nilikuja kusimama katikati ya makutano, honi pande zote, nguvu za kabureta yangu mpya zikinisubiri chini ya boneti.

Basi ukitaka gari la zamani la kwendea kazini kila siku, fuata mpangilio huu, maana mimi niliufuata kinyumenyume: bodi, breki, umeme, joto. Nguvu mwisho.

Wenye mapenzi na magari ya misuli, yale ya Kimarekani ya injini zenye nguvu, watakwambia langu halimo kwenye ukoo. Dart yenye misuli ya kweli mwaka ule ilikuwa Swinger 340, nguvu za farasi 275 kwa hesabu za kiwandani. Yangu ni 230, tena zilipimwa injini ikiwa peke yake, haijafungwa mazagazaga yanayoipunguzia nguvu. Sawa. Lakini 340 iliyo nzima leo ni gari la kufungia gereji na kulifunika shuka. Mimi naegesha nje ya bohari, zamu ya usiku. Nikilipata limekwanguzwa nanuna dakika tano, nawasha, naenda nyumbani.

Siku ya kununua, chukua sumaku ya friji, izungushie kitambaa isichubue rangi, uipitishe nyuma ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya chini ya bodi. Ikishika, kuna bati. Ikidondoka, umekuta pati, ule udongo wa kuzibia bati lililooza. Inua zulia la buti, inua na la miguuni. Kisha mwombe muuzaji ndoo ya maji, mwaga taratibu kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, halafu pitisha mkono ndani, miguuni. Ukikuta maji, ujue hapo juu pameoza, na kupafikia ni kukata bati na kuchomelea. Mengine ningesamehe, ila si kutu ya kwenye boriti ya chini zinapoishia toshenibaa. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chasisi, na uzito wa mbele umening'inia kwenye nondo mbili zinazojisokota badala ya springi, ndizo hizo toshenibaa, ambazo ncha zake zimeshikwa na boriti ile. Injini mbovu utafanya ovahali. Boriti ikioza, rudi nyumbani na fedha zako.

Kabla ya kupiga jeki kuna jambo moja nalisema kwa uchungu. Kwenye magari ya Chrysler, kampuni mama ya Dodge, ya miaka ile, nati za tairi za upande wa kushoto hufunguka kinyume. Tazama ncha ya bolti utaona herufi L imegongwa. Kijana mmoja wa duka la matairi alishika mashine ya hewa, akaona nati haitoki, akaongeza nguvu. Bolti mbili zikakatika. Siku hizi nikienda kubadili tairi nasimama pembeni kama mkwe asiyeaminika.

Sasa breki. Usihangaike kuzifufua dramu za mbele. Zinafanya kazi zikiwa kavu na zimerekebishwa vizuri, lakini barabara ya leo imejaa magari yanayosimama ghafla. Kinachotakiwa ni vifaa vya breki za diski vya Dart, au vya ndugu zake Plymouth Valiant na Duster, za 1973 hadi 1976, vya skrepa au vipya. Chukua stabu akseli zinazobeba magurudumu, kalipa zinazobana diski na mabano yake, diski, na mikono ya juu ya sespensheni, kwa sababu bolijointi za juu za miaka hiyo ni kubwa, hazikai kwenye mikono yako ya zamani. Ukisahau mikono utafanya kama nilivyofanya: gari juu ya stendi wiki mbili ukisubiri kifurushi.

Ukishafunga diski utakuta mtego mwingine. Matairi ya zamani yana bolti tano kwenye duara la inchi 4, haya mapya ni inchi 4 na nusu, yaani milimita 114.3, ile ile ya Toyota Mark II. Mbele size moja, nyuma nyingine, na tairi la akiba moja. Ukipata pancha upande usiofaa utalala njiani. Nilimaliza ubishi kwa kubadili na difu, nikaweka ya inchi 8 na robo kutoka kwenye Dart ya miaka hiyo hiyo. Afadhali hivyo kuliko vipande vya kuunganishia tairi la duara moja kwenye bolti za duara jingine, ambavyo mimi sivipendi kwenye gari la kila siku.

Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki, nayo ibadilishwe, uweke ya diski mbele na dramu nyuma. Ile ya zamani ina vivalvu vidogo vinavyobakiza presha kwenye bomba ili dramu ziitike upesi. Presha hiyo ukiiacha kwenye diski, padi zinaburuzika muda wote, rimu inachemka mpaka huwezi kuishika. Mpya uijaze mafuta na kuitoa upepo kwanza ikiwa kwenye jiliwa, ndipo uifunge. Halafu toa upepo kwenye magurudumu, uanze na lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa usukani wa kushoto ni la nyuma kulia. Mke wangu alikaa ndani, mimi chini na chupa ya maji iliyokatwa na kimpira.

“Kanyaga. Shikilia.”

“Nimeshikilia.”

Nalegeza, povu linatoka, nakaza. “Achia. Taratibu, mama.”

“Hii taratibu yako ni ya ngapi leo?”

Ilikuwa kama ya arobaini. Usikubali kuacha mpaka mafuta yatoke bila hata punje ya hewa, na usiache kopo la masta silinda likauke katikati ya kazi, utaanza upya.

Umeme ndio unaochoma magari haya. Kwenye dashibodi kuna ameta, kipimo cha mkondo wa umeme, na karibu umeme wote wa kuchaji unapita ndani yake: unatoka kwenye altaneta, unavuka ukuta wa injini kwa plagi kubwa ya plastiki, unazunguka nyuma ya dashibodi, unarudi kwa plagi ile ile hadi kwenye betri. Mwaka 1970 haikuwa shida. Ongeza feni ya hita, taa kali na kuchaji simu, na miaka hamsini ya kutu kwenye pini, plagi inaanza kuyeyuka. Chomoa betri, kisha uvute plagi hiyo uitazame. Yangu ilikuwa na matundu mawili yaliyogeuka rangi ya andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Dawa yake: pitisha waya mnene, namba 8 kwa vipimo vya Marekani, moja kwa moja kutoka kwenye altaneta hadi betri, ukiwa na kipande cha waya wa kinga namba 12 ambao utaungua wenyewe kabla gari halijaungua. Ndani, waya mbili za ameta ziunganishwe pamoja zikazwe kwa bolti na kufungwa vizuri, ameta ibaki pambo, uweke kipima volti. Taa za mbele uzipe rilei zake, swichi za kuzipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba miezi yote ile nilikuwa naendesha kwa mshumaa.

Joto ni fupi. Gari likichemsha kwenye foleni lakini likatulia ukikimbia, tatizo ni upepo, na mara nyingi mwenye gari wa zamani alitupa lile kava linalozunguka feni. Litafute, lirudishe. Themostati ya nyuzi 82 za Selsiasi inatosha. Kulanti na maji nusu kwa nusu. Huku baridi inaweza kushuka chini ya sifuri mpaka bloku ikapasuka, usidanganyike na maji matupu kama tulivyozoea Tanga.

Mipira yote ya petroli itoe, uweke inayohimili ethanoli, kwa kuwa petroli ya hapa huchanganywa nayo na mpira wa zamani unalainika kama ubuyu. Na mikanda: yangu ilikuja na wa kiunoni na mwingine wa begani unaotundikwa kwenye paa, hauvuki mtu bila ugomvi. Nimeweka ya kisasa ya kujivuta. Gari halikuharibika sura hata kidogo.

Ukifika hapa ndipo uikumbuke ile kabureta. Ukweli ni kwamba tofauti niliyoisikia zaidi ilitoka kwenye difu. Ile ya zamani ilikuwa 3.23, yaani shafti inazunguka mara 3.23 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, gia boksi ni ya gia tatu tu, kwa hiyo kwenye maili 70 kwa saa injini ilikuwa inazunguka kama mara 3,100 kwa dakika, unapiga kelele ili jirani yako akusikie. Difu niliyopachika ni 2.76. Kuondoka kwenye taa kumekuwa kwa upole, ila kwenye barabara kuu naweza kusikiliza redio. Wapo wanaokata handaki la sakafu ili waingize gia boksi ya gia nne. Bati lile limesalimika miaka yote hii, sina moyo wa kulikata. Mafuta nakula lita moja kwa kilomita sita na nusu hivi, na siku za kukanyaga sihesabu.

Desemba wakianza kumwaga chumvi barabarani, naliingiza ndani na kuazima Corolla ya mke wangu hadi Machi. Kwa hiyo “kila siku” yangu ina miezi minane, na sioni aibu.

Jambo la mwisho liko kwenye kisanduku cha dashibodi. Chrysler waliweka mfumo wa kuwasha wa kielektroniki kwenye magari yao yote mwaka 1973, nami nimeuhamishia kwangu. Nafasi ya kihisi ndani ya distribyuta ni milimita 0.2, uipime kwa filagegi ya shaba, kwani ya chuma itanaswa na sumaku ikudanganye. Lakini mfumo huo bado unategemea kipande cheupe cha kauri kwenye ukuta wa injini, kizuizi cha umeme wa koili, kinachokufa bila taarifa. Mwezi wa sita nilimwazima mpwa wangu gari. Saa mbili usiku akapiga simu.

“Anko, gari limenikatalia. Nikipiga staata linawaka, nikiachia tu ufunguo linazima.”

“Linazima pale pale unapoachia?”

“Pale pale.”

“Fungua kisanduku. Kuna soksi. Ndani ya soksi kuna kitu cheupe kama kipande cha chaki, na bisibisi.”

Aliniwekea simu juu ya boneti nikawa nasikia malori yakipita. Skrubu moja, plagi za waya, dakika saba. Kesho yake asubuhi nilinunua vingine viwili, soksi ikarudi mahali pake.