Sinki la stenlesi lisikupe presha

Kama una sinki la stenlesi na hasa unatumia maji ya kisima yenye chumvi, ule ukoko mweupe kuzunguka bomba usiuparuze na stiliwaya, unatoka kwa siki tu. Lowesha kitambaa na siki, kiache pale kama dakika 15 halafu sugua na sponji laini, suuza. Madoa ya chai weka bekingi soda na maji kidogo iwe uji mzito, sugua kufuata ile mistari midogo ya chuma, ukiinama uangalie kwa karibu utaiona, ukisugua kwa kuzungusha ndo unaongeza mikwaruzo. Na vile vidoa vya kutu mara nyingi wala sio sinki limeoza, ni vipande vya stiliwaya vimebaki hapo vikashika kutu. Mikwaruzo midogo tone la mafuta ya kupikia linaificha, ya kina sahau. Ila jiki na siki usichanganye kabisaaa, inatoa gesi ya klorini inakaba kifua, na jiki yenyewe ukiiacha ilale humo inakula stenlesi unaanza kuona vishimo.