Bari hadi Matera kwa siku tatu: gari, meza na barabara za kusini mwa Italia

Ukiwa na siku tatu tu na unataka kuiona Italia kwa gari, iache Roma, iache Venice. Miji hiyo ni ya treni na miguu. Panda ndege hadi Bari, mkoani Puglia, uzunguke Polignano a Mare, Alberobello, Matera na Altamura, kisha urudi Bari. Ni kilomita 200 na ushei, barabara nzuri, na huhitaji kupita njia ya kulipia.

Sababu yangu kubwa ni chakula. Upishi wa Puglia umesimama juu ya mafuta ya zeituni, ngano, kunde na mboga za majani, kwa hiyo asiyekula nguruwe anashiba bila kuhangaika. Agiza fave e cicoria: maharage ya fava yaliyokaushwa, yakachemshwa na kupondwa hadi yawe laini, kando yake mboga chungu iliyotiwa mafuta ya zeituni. Aliyelelewa kwa mchunga atauelewa uchungu ule tangu tonge la kwanza. Ukiwa Bari, kula focaccia, mkate bapa wa nyanya na zeituni, ya moto kutoka tanuri la mtaani, na riso, patate e cozze, yaani wali, viazi na kome waliookwa pamoja. Katika Bari Vecchia, yaani mji mkongwe, karibu na Arco Basso, akina mama hufinyanga orecchiette, tambi zenye umbo la sikio dogo, mlangoni kwao. Salimia kwanza, ndipo uombe kupiga picha.

Ya kuchunga ni haya. Strutto ni mafuta ya nguruwe, na huingia katika baadhi ya mikate na vitafunwa. Bombette za mji wa Cisternino, vipande vya nyama vilivyoviringishwa, ni nguruwe. Brasciole za Bari, nyama iliyoviringishwa pia, kwa desturi ni nyama ya farasi. Uliza “senza maiale?”, yaani “bila nguruwe?”, bila haya. Nyama ya mikahawa ya kawaida huwa si ya halali, basi Mwislamu ashike samaki na mboga, na hatapungukiwa na kitu. Wote tujue kwamba jikoni nyingi hufungwa baada ya chakula cha mchana na hazifunguliwi hadi saa moja na nusu au saa mbili usiku. Mwenye watoto abebe kitu cha kuwatuliza. Coperto kwenye bili ni malipo ya kiti na mkate, hujaibiwa.

Siku ya Bari usichukue gari. Treni inatoka uwanja wa ndege hadi mjini. Lichukue asubuhi ya pili, upite Polignano kutazama bahari chini ya majabali, kisha Alberobello, penye nyumba za mawe zenye mapaa yenye umbo la pia, ziitwazo trulli. Mtaa wa Monti umejaa maduka. Vuka uende mtaa wa Aia Piccola, ambako watu bado wanaishi kwa utulivu, na jioni ukale katika mji wa Locorotondo, kilomita 9 tu mbele.

Matera, iliyo mkoa jirani wa Basilicata, ipe usiku mzima. Sassi ni mitaa iliyochongwa katika mwamba. Sheria ya mwaka 1952 iliwahamisha maelfu ya wakazi wake kwa sababu ya umaskini na maradhi, na mwaka 1993 UNESCO ikaitangaza urithi wa dunia. Ingia katika nyumba ya pango iliyohifadhiwa uone familia na mifugo walivyolala chumba kimoja. Kisha endesha hadi Murgia Timone, ng'ambo ya korongo, uione Matera yote kwa mara moja.

Gari liegeshe mji wa juu. Alama ya ZTL maana yake eneo limezuiwa magari ya wageni, na “varco attivo” maana yake marufuku inafanya kazi wakati huo. Kamera hupiga picha namba ya gari, faini hukufuata nyumbani, na kampuni ya kukodi huongeza ada yake. Mistari ya buluu ni maegesho ya kulipia, nyeupe bure, ya manjano ni ya wenye haki maalumu. Gasolio ni dizeli. Gari la otomatiki liagize mapema, na kadi ya mkopo iwe na jina la dereva. Leseni ya Umoja wa Ulaya au Uingereza inatosha. Ya Kenya, Tanzania, Ghuba au Marekani iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen, hata kama ukaazi wake ni wa kudumu.

Ukirudi Bari simama Altamura ununue mkate wake wa ngano ngumu: gamba nene, ndani rangi ya manjano, na hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Huo unasafirishika. Burrata, jibini laini lenye krimu ndani, iishie mezani, siku ile ile ilipotengenezwa; na kwa anayerudi Uingereza, nchi hiyo sasa inawazuia abiria kuingiza jibini na nyama kutoka Umoja wa Ulaya.