Somo: Kuponya bustani ya nyasi inayotuama maji wakati wa masika

Masika yanapokolea Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, bustani nyingi za nyumbani hugeuka vidimbwi, na kosa ninaloliona kila mwaka ni la mwenye nyumba kuagiza lori la mchanga na kuumwaga juu ya nyasi. Kabla hujatoa hata shilingi, fahamu maji yanatoka wapi na yamezuiwa na nini.

Hatua ya kwanza: uchunguzi. Toka nje mvua ikiwa inanyesha. Mara nyingi utakuta maji ya paa yanamwagikia bustanini. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 hushusha takriban lita 5,000, na hakuna nyasi zinazohimili mzigo huo. Weka gata, uyaelekeze maji kwenye tangi au mtaroni, kisha ndipo uendelee.

Mvua ikikatika, chimba shimo la kina na upana wa sentimita 30, lijaze maji, yakinywea lijaze tena, upime kwa rula. Yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, udongo haupitishi maji vizuri. Litazame na bonge ulilolitoa: likiwa la kijivu, linanuka kama yai viza, na mizizi ya ukoka ni myeusi inayokatika ukiigusa, nyasi zimekosa hewa kwa muda mrefu. Wakati mwingine sepeto hugonga zege na vifusi ambavyo mafundi walivifukia walipomaliza ujenzi. Hivyo sharti vitolewe, na hakuna njia ya mkato.

Hatua ya pili: kutoboa. Subiri hadi udongo usigande kwenye viatu. Choma kwa jembe uma kina cha sentimita 10 hadi 15, ukiacha nafasi kama hiyo kati ya matundu, kisha fagilia humo mchanga mkavu wa mtoni. Wa baharini una chumvi, usiutumie.

Hatua ya tatu: mfereji wa kokoto. Hii ni kwa bustani ambayo bado inatuama. Pigilia mambo mbili, yaani vigingi, moja mwanzo na nyingine mwisho wa mfereji, upime usawa kwa ule mpira mwangavu wenye maji wanaoutumia mafundi ujenzi. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha, yaani mfereji wa mita 10 utofautiane sentimita 10 kati ya ncha zake. Chimba upana wa sentimita 30 na kina cha 50, tandika kitambaa cha kuchuja udongo, mwaga kokoto kidogo, laza bomba lenye matundu yakiangalia chini, ongeza kokoto, kunja kitambaa juu yake, kisha rudisha udongo na nyasi. Maji yatokee mtaroni au kwenye shimo la kunyonyea lililo mita 5 au zaidi kutoka msingi wa nyumba. Yasielekezwe kwa jirani wala kwenye karo la choo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Mikocheni, nikichimba nusu mita tu nakuta maji. Nichimbe shimo la kunyonyea?*

Marahaba. Halitakufaa, kwa sababu maji ya ardhini yako juu na shimo litajaa kabla ya mvua kuanza. Inua bustani kwa sentimita 20 hivi za udongo wa kichanga, bila kuufikisha kwenye ukuta wa nyumba, kisha panda nyasi upya.

*Mimi niko Kitengela, udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Nichanganye mchanga kiasi gani?*

Usichanganye. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hukauka ukawa kama tofali, na kiasi cha kuubadilisha kweli ni kikubwa mno kwa bustani ya nyumbani. Tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita 1, kila baada ya kutoboa, na urudie mwaka hadi mwaka.

*Watoto wanacheza mpira hapo hata kukiwa na tope. Kuna madhara?*

Yapo. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, na matundu uliyoyatoboa huziba. Wahamishie upande mwingine mpaka unyayo usiache alama.