Land Rover ya zamani: gonga chesisi kabla ya kupaka rangi

Wenye Land Rover za zamani hapa Mombasa, msidanganywe na bodi. Bodi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki kutu. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma chenye uwazi ndani, na huliwa kuanzia huko ndani huku nje ikionekana nzima. Ingia chini na nyundo ndogo, ugonge taratibu, hasa boriti ya nyuma na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mzito, na maganda ya kutu hudondoka. Zibua kwa waya matundu ya kutolea maji, kisha suuza ndani kwa maji ya mfereji. Visima vyetu vingi vina chumvi, jamani, msitumie hayo! Ikikauka kabisa, pulizia oili nzito humo ndani.