Kifungua Mimba, Jifunze Kumwegemea Mdogo Wako

Mimi ni kifungua mimba katika watoto wanne, nauza minji katika soko la Muthurwa, Nairobi. Namwandikia mwenzangu aliyewabeba wadogo zake mgongoni, akawapeleka shule ya Jumapili, akamlipia mmoja karo kwa pesa za kibarua. Leo umeokoka, unaimba kwaya, na ukiulizwa habari unajibu "Mungu ni mwema" huku moyo unachemka. Neno "nisaidie" halijawahi kukutoka mdomoni. Mimi lilinitoka nikiwa na miaka 39.

Mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi. Kodi ya miezi miwili ilikuwa imelala, na msimamizi wa ploti alikuwa ameanza kubisha kabla hatujanywa chai. Kakangu anayenifuata kwa karibu ni fundi wa mbao Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Kila Jumapili jioni tulikuwa tukipigiana simu, nami namuuliza habari za watoto, kisha nakata haraka asije akaniuliza zangu. Nilipoacha kuomba kabisa, siku nne mfululizo, ndipo nikamwandikia. Haya ninayokueleza nimeyapata kuanzia siku hiyo.

Anza kwa kutenganisha mzigo na furushi. Wagalatia mlango wa 6 una mistari miwili ambayo mtu akisoma haraka ataona inapingana. Wa 2 unasema, "Mchukuliane mizigo." Wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Ukikaa sokoni unaelewa. Furushi ni kile unachokifunga asubuhi na kukibeba mwenyewe: kuamka, kupika, kutunza ahadi zako, kutubu dhambi zako. Hilo usimtwike ndugu yako. Mzigo ni gunia la minji kutoka Kinangop likishushwa kwenye lori. Hakuna mwanamke Muthurwa anayelinyanyua peke yake, wala hakuna anayemcheka mwenzake kwa kuita mtu. Basi kaa chini uandike: lipi langu ni furushi, lipi ni gunia? Mimi niliandika matatu upande wa gunia. Kodi, hofu ya usiku, na kushindwa kuomba.

Kisha chagua ndugu mmoja. Si wote. Kundi la familia kwenye WhatsApp lina shangazi na binamu, na kabla jua halijazama habari itakuwa imefika kijijini, mama akose usingizi. Dada yetu mdogo ana moyo mzuri sana lakini ukimwambia jambo zito analia kuliko wewe, halafu unaanza kumbembeleza. Chagua anayeweza kunyamaza. Si lazima awe ndiye mwenye pesa, wala ndiye anayejua Biblia zaidi.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wakubwa tunazunguka mno. Tunaandika salamu, tunauliza hali ya hewa ya Rongai, tunamaliza kwa "lakini tuko sawa tu". Angalia Martha na Mariamu katika Yohana 11. Biblia ya Union Version inawaita maumbu, yaani dada, neno la zamani ambalo natamani tungelirudisha. Ndugu yao Lazaro alikuwa mgonjwa, wakamtumia Yesu ujumbe: "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Basi. Hawakumwambia la kufanya, hawakuficha ugonjwa. Na ukisoma mbele utaona kila mmoja, kwa wakati wake, alimwambia Yesu maneno yale yale: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mimi naamini walikuwa wameyarudiarudia pale nyumbani siku zote zile za matanga, wawili wakishikana. Mdogo wako ndiye mtu wa kuambiwa hata malalamiko yako kwa Mungu kabla hujayapeleka kwa Mungu mwenyewe.

Mimi niliandika hivi: "Kaka, kodi ya miezi miwili imenishinda, na sijaomba tangu Jumatatu. Usitume pesa kwanza. Njoo."

Akifika, mpe nafasi. Alikuja Jumamosi alfajiri, bado taa za soko zinawaka. Nilikuwa nimekalia ndoo nikibambua minji. Hakusema kitu. Alivuta kreti, akakaa, akachukua maganda kiganja kizima, akaanza. Vidole vyake ni vya fundi, vinene, kimoja hakina ukucha, na minji zilikuwa zikimruka zinaangukia kwenye matope. Tulibambua karibu nusu gunia. Kisha, bila kufumba macho wala kuacha kazi, akaanza kuomba kwa Kikuyu, lugha ya mama, kwa sauti ile ya kuongea na mtu wa jikoni. Alimtajia Mungu jina langu la utotoni. Mimi sikuweza hata kusema amina. Nililia tu, na dole gumba limegeuka kijani.

Usijilazimishe kuomba siku hiyo. Kutoka 17 inasema mikono ya Musa ilipokuwa mizito, waliweka jiwe kwanza, akalikalia, ndipo Haruni nduguye na Huri wakaitegemeza mikono yake mpaka jua likatua. Kukaa kulitangulia. Mwache ndugu yako aombe, wewe kaa.

Pesa zishughulikiwe waziwazi. Kama atatoa, muulize palepale: ni zawadi au ni deni? Nyuma ya daftari langu la mauzo nina safu mbili, na yeye alishuhudia nikiandika: kodi ya mwezi mmoja, deni, nitalipa kidogokidogo kila Ijumaa, unga na mafuta, zawadi. Mke wake ajue, na mume wako ajue. Nimeona ndugu waliopendana tangu utotoni wakikosa kusalimiana kanisani kwa sababu shemeji aliikuta ile M-Pesa kwenye simu bila kuambiwa.

Kama ndugu yako hajaokoka, mwambie vilevile. Atakupikia chai, na huo ni msaada mkubwa.

Baada ya hapo wekeni siku. Sisi ni Alhamisi saa tatu usiku, dakika kumi, simu haipokelewi na mtoto. Tunaulizana swali moja: "Wiki hii gunia ni lipi?" Wiki nyingine hakuna, tunasoma zaburi moja tunalala. Lakini lazima nawe uulize kwa dhati na umsubiri ajibu, maana sisi wakubwa tumezoea kutoa ushauri kabla mtu hajamaliza sentensi.

Mwezi wa nane uliopita, siku ambayo haikuwa Alhamisi, simu ililia nikiwa nafunga kibanda. Ujumbe wa kakangu ulikuwa na maneno mawili: "Dada, siwezi." Nilipima minji kilo mbili, nikatembea hadi Railways, nikapanda matatu ya Rongai. Nilimkuta karakanani, amesimama gizani kando ya meza aliyokuwa hajaimaliza. Nilitafuta kigoda kwanza.