Jinsi ya kukosoa uzi wa timu yako na kuuchora upya bila kuuharibu

Kila msimu ukikaribia timu zinazindua uzi mpya, yaani jezi, na watu tunagawanyika pande mbili, wa kusema kali na wa kusema mbovu, basi mjadala umeisha. Alafu kuna vijana wanaojua kuediti, hao usiku huohuo wanachora za kwao na kuzitupia mtandaoni, nyingine ni kali kweli kuliko zilizotoka, nyingine zinang'aa kwenye simu tu ila zikivaliwa na watu kumi na moja wakaanza kukimbia nazo uwanjani Kwa Mkapa hutajua nani kampa nani pasi. Mimi hii kazi naipenda sana na naona tunaweza kuifanya vizuri zaidi ya hapa, kwahiyo naweka njia yangu yote, mifano mingi nachukua Simba na Yanga maana wengi tunazijua, ila inafanya kazi hata kwa Gor Mahia, Mazembe au timu ya mtaani kwenu.

Kwanza kabisa usishike programu yoyote. Kaa chini ujiulize kwenye hii jezi kipi sio chako kugusa. Simba ni nyekundu na nyeupe, Yanga ni kijani na njano na weusi kidogo, na Yanga imeanza 1935, Simba 1936, yaani hizo rangi kuna mtu karithi kwa babu yake, kuna mtu kapaka bajaji yake yote hivo. Ukija na Simba ya zambarau kwa sababu zambarau inapendeza, hujaichora Simba upya, umeanzisha timu nyingine. Waulize watu wa Cardiff City kule Wales. Timu inaitwa Bluebirds, yaani ndege wa bluu, inavaa bluu miaka nenda rudi, 2012 mmiliki akaamua wavae nyekundu, na msimu uleule wakapanda Ligi Kuu Uingereza, unaweza kudhani ushindi ungewanyamazisha mashabiki lakini wapi, waliidai bluu yao mpaka Januari 2015 ikarudishwa. Kupanda daraja hakukutosha kuwanunua watu rangi yao.

Rangi sio kitu pekee cha kulinda, kwa timu nyingine hata mpangilio ni mali ya mashabiki. Juventus wamevaa mistari nyeusi na nyeupe tangu 1903, zile jezi za kwanza zilitoka Notts County ya Uingereza, alafu msimu wa 2019/20 wakaletewa nusu nyeusi nusu nyeupe bila mistari, kelele zikawa nyingi na msimu uliofuata mistari ikarudi. Simba na Yanga hawajafungwa na mistari namna hiyo, miaka yote michoro yao inabadilika, kwahiyo hapo una uwanja mpana wa kucheza, ila rangi ziache zikae.

Ukishajua mipaka, sasa itazame jezi inavyofanya kazi, na hapa ndo wengi wanakosea kwa sababu wanakosoa picha ya uzinduzi. Ile picha imepigwa taa, jezi imepigwa pasi, mchezaji kasimama kama sanamu. Jezi inahukumiwa ikiwa na jasho, iko mbali, iko katikati ya watu wengine ishirini na moja. Tafuta video ya mechi, subiri kamera ionyeshe uwanja mzima, piga skrinishoti. Hiyo ndo picha ya kukosolea. Unaijua timu yako bila kusoma kitu? Namba zinasomeka? Ule mchoro waliousifia sana siku ya uzinduzi unaonekana au umegeuka vumbi?

Alafu fanya jaribio hili, dakika moja tu na halina gharama. Ileile skrinishoti ifungue sehemu ya kuediti picha kwenye simu, shusha rangi mpaka sifuri ibaki nyeusi na nyeupe. Chukua nyekundu ya Simba na kile kijani kilichokolea cha Yanga, zote mbili zinaangukia kwenye kijivu kinachofanana, ukitazama haraka unaona kama watu wa timu moja. Weka Yanga ya njano badala ya kijani, pale pale timu mbili zinaachana kama mchana na usiku, maana njano inakuwa kijivu cheupe na nyekundu inabaki nzito. Kiasi cha mwanaume mmoja kati ya kumi na wawili ana shida ya kutofautisha rangi, na nyingi ya hizo shida ni za nyekundu na kijani, sasa piga hesabu uwanja ukijaa siku ya dabi ya Kariakoo ni watu wangapi wanakaa pale wanahangaika kujua nani ni nani. Kombe la Dunia 2018 mechi ya ufunguzi ilikuwa Urusi nyekundu na Saudi Arabia kijani na walilalamika wengi kwa jambo hilihili. Picha ya nyeusi na nyeupe sio sawasawa na anavyoona mtu mwenye hiyo hali, ila inatosha kukuonyesha tatizo liko wapi.

Na hili sio la mashabiki peke yao. Aprili 1996 Manchester United walikwenda Southampton na jezi za kijivu, mapumziko wako nyuma 3-0, wakarudi kipindi cha pili wamevaa nyingine, mechi ikaisha 3-1, na kocha wao Ferguson akasema wachezaji walikuwa hawaonani vizuri, kijivu kinapotelea kwenye watu jukwaani. Wengine wanaona ni kisingizio, mimi nakiamini, kwa sababu pasi unampigia mtu uliyemuona kwa pembe ya jicho, huna muda wa kumkazia macho.

Ukishatazama hivo ndo andika ukosoaji, na uandike kama mtu anayetaka kitu kitengenezwe. "Jezi mbovu" haimsaidii yeyote. Taja sehemu, taja umbali, taja sababu, alafu toa dawa. Mfano: namba ya dhahabu juu ya nyeupe haisomeki kutoka jukwaani kwa sababu zote mbili zina mwanga unaolingana, izungushieni ukingo mweusi au mtumie nyekundu. Hapo hata aliyeichora akisoma anapata kitu mkononi. Na mchoraji usimvunjie heshima, huwezi kujua alipewa masharti gani, mara nyingi kitu kinachotukera kimelazimishwa na mkataba.

Kitu chenyewe mara nyingi ni mdhamini. Kifua ndo sehemu ghali kuliko zote na mdhamini anataka logo yake na rangi zake zote, matokeo yake unaona kiboksi kimebandikwa katikati ya jezi nzuri, kiboksi cha bluu juu ya nyekundu, inauma. Dawa ipo, logo ya mdhamini iwe rangi moja, ileile iliyotumika kwenye namba. Kumbuka Simba ya 2021 kwenye Ligi ya Mabingwa, imeandikwa Visit Tanzania kifuani, maandishi tu, hakuna kiboksi, ndo ile waliyomfunga nayo Al Ahly 1-0 Kwa Mkapa. Ukiwa unachora usimfute mdhamini. Najua jezi inapendeza zaidi bila yeye, ila mdhamini analipa mishahara, na mchoro unaomkwepa umekwepa sehemu ngumu kuliko zote, weka jina lake alafu tuone unalitulizaje.

Sasa kuchora. Hapa naomba tuongee kuhusu "utamaduni" maana kila anayetaka kuweka Tanzania kwenye jezi anaweka mlima Kilimanjaro, simba au twiga, basi. Sio vibaya, ila vimetumika mpaka havisemi kitu. Mimi ningekwambia chukua kanga uitandaze sakafuni uitazame ilivyopangwa: pindo linazunguka pande zote, katikati kuna mji, chini ya mji kuna jina. Ni mpangilio uliokamilika, na jezi ina sehemu hizohizo. Pindo linakuwa kola na mikono na ukingo wa chini, ndo pa kuweka michoro midogo midogo iliyobanana, mji unabaki wazi kwa nembo na mdhamini, na jina, yale maneno ya kanga, yanaweza kukaa ndani ya kola nyuma ya shingo ambapo anayavaa mchezaji bila kumsumbua anayetazama. Umechukua akili ya kitu, hujabandika picha yake. Ndo walivyofanya Nigeria 2018, mikono ikawa na mchoro wa mabawa ya tai nyeusi na nyeupe, wanaikumbusha jezi ya 1994, kiwiliwili kikabaki cha kijani, na shirikisho lao likasema oda milioni 3 zilifika kabla haijaingia sokoni.

Mchoro mkubwa usiupeleke mgongoni, mgongo ni wa namba. Kwa kanuni za FIFA namba ya mgongoni inakuwa na urefu wa sentimita 25 mpaka 35, kwahiyo chora ukiwa na hiyo nafasi kichwani toka mwanzo. Kama jezi ni ya mistari acha kipande kitupu nyuma namba ikae. Fonti, yaani umbo la namba, nayo ijaribu kwa namba zote, hasa 1 na 7, 3 na 8, 6 na 9, na zijaribu zikiwa mbilimbili. Ujerumani 2024 fonti ya jezi yao ilivyoandika 44 watu wakaona inafanana na alama ya SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler, Adidas wakasimamisha kuiuza hiyo namba. Namba moja moja zilikuwa hazina shida, shida ilizaliwa zilipokaa pamoja.

Kanuni zijue kabla hujavunja chochote. Cameroon 2002 walichukua Kombe la Afrika kule Mali na jezi zisizo na mikono, walipofika Kombe la Dunia FIFA ikakataa na wakavaa na mikono myeusi ndani. 2004 wakaja na jezi iliyoshonwa pamoja na bukta kipande kimoja, wakapigwa faini na kukatwa pointi 6 za kufuzu Kombe la Dunia, pointi zikaja kurudishwa baadaye. Mimi nazipenda zote mbili kwa uthubutu wake, ila kama unachora kwa ajili ya kuvaliwa mikono lazima iwepo, jezi na bukta viwe viwili, na shati la ndani lifanane rangi na mkono wa jezi.

Vifaa sio kisingizio. Programu ya kuchorea ya Inkscape ni bure, Photopea ya kuediti picha inafunguka kwenye brauza bila kulipia, na kama una simu tu bado unaweza, cha muhimu chora vipande vikiwa bapa kama fundi anavyovikata: mbele, nyuma, mikono miwili, kola. Wengi wanachora juu ya picha ya jezi iliyokwisha vaa mwili, inapendeza ila haiwezi kushonwa, kwa sababu hujui mstari wa kifuani unakutana wapi na wa begani. Ukichora bapa utaona mapema kwamba mchoro wako unakatika kwapani, na utakumbuka kuacha nafasi ya mshono.

Kama inaenda kuprintiwa kweli, jezi nyingi siku hizi ni sablimesheni, wino unaingia ndani ya poliesta kwa joto. Kwenye pamba haishiki vizuri. Na wino mweupe kwenye sablimesheni hakuna, nyeupe yako ni kitambaa chenyewe, kwahiyo kitambaa kiwe cheupe, nyekundu ndo iprintiwe juu. Rangi ya kwenye skrini usiiamini, hasa kijani na njano zile za kung'aa, mwombe fundi akuprintie kipande kidogo chenye vivuli vitano sita vya kijani, kitoe nje juani, uchague hapo. Alafu kilowanishe. Kijivu na bluu mpauko zikilowa zinabadilika sana, na jezi itatumia muda mwingi imelowa. Omba sampo mbili, moja ndogo moja kubwa kabisa, maana mchoro uliokaa vizuri kwenye S unaweza kukuta kwenye XXL umeteleza mpaka ubavuni na nembo imekimbilia kwapa.

Ukitaka kuitupia mtandaoni andika wazi ni ubunifu wako sio rasmi, na usiuze, nembo ni mali ya klabu, tena weka jina lako juu ya picha katikati sio pembeni, kuna watu wanachukua kazi ya mtu wanaprinti feki inaingia sokoni kabla hujaamka. Onyesha seti nzima, nyumbani, ugenini, bukta na soksi, na uweke karibu na jezi ya mpinzani ili tuone zinavyoachana. Na kipa usimsahau, karibu kila mchoro ninaouona hauna kipa, wakati yeye anatakiwa atofautiane na wenzake, na wapinzani na waamuzi, kwahiyo rangi yake ndo ngumu kuipata kuliko zote, na mimi siku hizi naanza kumchora yeye.